Mkufu wa Kuchovya: Kutunza Mapambo Yaliyopakwa Dhahabu, na la Kufanya Yakikwaruzika

(Haya ni maneno tuliyoyasema kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa sababu vikundi kadhaa vilivyokosa kufika vimeyaomba.)

Kwenye ratiba tumeandika "Utunzaji wa mali ya kikundi", na tunajua wengi wenu mlidhani tutaongea juu ya viti, hema na zile sufuria kubwa. Viti tulivimaliza semina iliyopita. Leo tunataka kuongea juu ya kitu kinachotosha kwenye kiganja cha mkono, lakini kilikaribia kuvunja kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu vizuri. Jina la kikundi tutaliacha. Wenyewe wametupa ruhusa ya kusimulia, bora tusitaje mtu.

Kikundi hicho kilianza kwa kukodisha viti kama nyinyi. Halafu wakaona kwamba kila harusi ikikaribia, familia ya bi harusi inahangaika kutafuta mapambo. Wakachanga pesa, wakamtuma mwenyekiti na mweka hazina mjini, nao wakarudi na seti: mkufu wenye kidani, hereni, bangili mbili na pete. Ilikuwa inang'aa ajabu. Harusi ya kwanza ikaenda nayo, ya pili, ya tatu, na kila mara sanduku la kikundi likaingiza kitu.

Baada ya harusi ya tisa mkufu ukarudi na mikwaruzo mitatu mbele ya kidani. Mweka hazina, kwa nia njema kabisa, akachukua dawa ya meno na kipande cha waya wa kusugulia sufuria, akaanza kung'arisha. Alipomaliza, kidani kilikuwa chekundu kama senti ya shaba ya zamani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kikao kikaitwa, kikundi kikadai familia ya bi harusi ilipe bei ya dhahabu. Mama wa bi harusi, ambaye naye ni mwanachama, akasema mkufu ulitoka kwake na michirizi tu, huo wekundu ni wa waya. Mwingine akasema aah, mkufu huu si ule, ule wa dhahabu umeuzwa na huu ni wa kubadilisha. Neno "mwizi" likatajwa mbele ya watu. Mnajua wenyewe, neno hilo likishatoka mdomoni halina njia ya kurudi.

Tulipoitwa tulibeba kioo cha kukuzia, kile cha kusomea maandishi madogo. Tukatazama kwenye kibati kidogo karibu na kifungo cha mkufu. Kulikuwa na alama: 18K GP. Kumbe siku ya kununua wale wawili waliiona hiyo 18K, wakafurahi, wakasema hii ni dhahabu ya karati 18. Herufi mbili zilizofuata hawakuziuliza, na mwenye duka hakuwaeleza. GP maana yake ni kitu kilichopakwa dhahabu juu. Hiyo 18K ilikuwa inaeleza ule mpako tu. Ndani mkufu mzima ulikuwa shaba.

Na hapa lazima tuseme la kwetu. Katika daftari la mali la kikundi iliandikwa "seti ya dhahabu, moja", na chini ya ukurasa huo kuna sahihi yetu. Tulikuwa tumekagua daftari hilo mwaka uliotangulia. Viti tulivihesabu kimoja kimoja, hata vilivyovunjika mguu. Lile sanduku dogo la mapambo hatukulifungua. Tungelifungua na kusoma herufi mbili, mama yule asingeitwa alivyoitwa.

Kwa hiyo tuanze na herufi. Ukishika kitu cha manjano mtu akakuambia ni dhahabu, tafuta alama: ndani ya pete, kwenye kifungo cha mkufu, kwenye kijiti cha hereni. Dhahabu ya mwili mzima huwa na namba. 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, 916 ni karati 22. Namba hizo zinaeleza sehemu ngapi katika elfu moja ni dhahabu safi. Ukiona GP, GEP au HGE, hicho kimechovywa. Ukiona GF, hicho kina ganda la dhahabu lililogandamizwa juu ya madini mengine, ganda nene kidogo, nacho hudumu zaidi. Ukiona 925 kwenye kitu cha manjano, ndani ni fedha na juu kimepakwa dhahabu. Na msisahau kwamba alama inaweza kupigwa na mtu mwongo. Alama ni ushahidi wa kwanza tu. Neno la mwisho ni la sonara mwenye mizani na dawa za kupimia.

Wengine wenu mnatumia sumaku. Sumaku itawaambia kama ndani kuna chuma. Lakini shaba haivutwi na sumaku, fedha haivutwi, na dhahabu haivutwi. Kwa hiyo kitu kikikataa sumaku msishangilie. Uzito una habari zaidi. Dhahabu safi ni nzito kuliko shaba zaidi ya mara mbili kwa kipande cha ukubwa ule ule, na hata ile ya karati 18 utaisikia mkononi. Bangili nene ambayo ni nyepesi ina maswali ya kujibu.

Vikundi vinavyokopeshana pesa, hapa fungueni masikio. Tumeona mahali pete ikiwekwa rehani kwa mkopo mkubwa kwa sababu inang'aa na ina 18K. Mkopaji mwenyewe hakuwa mwongo, alipewa pete hiyo na mumewe akiamini ni dhahabu. Lakini mkopo ukishindikana kikundi kinabaki na shaba. Kama hamwezi kuipeleka kwa sonara ikapimwa, msiipokee kama rehani. Na msimwaibishe mwenye nayo mbele ya mkutano. Huenda ni wakati huo huo naye anajua.

Sasa tuone kwa nini mpako wenyewe unaisha upesi. Zamani sana watu walipaka dhahabu kwa kuichanganya na zebaki, kisha wakaunguza zebaki ikaondoka kwa moshi, na moshi huo uliwaua mafundi wengi. Ndugu zetu wanaochimba dhahabu huko Migori wanaijua hiyo zebaki na madhara yake. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, waliandikisha njia ya umeme, na ndiyo inayotumika hadi leo. Kitu kinatiwa kwenye maji yenye dhahabu iliyoyeyushwa, kinaunganishwa na upande hasi wa umeme, na dhahabu iliyomo majini inakwenda kukigandia pole pole. Ndiyo maana tunasema kimechovywa.

Lakini kinachoganda ni kidogo mno. Tukate milimita moja vipande 1,000. Kila kipande kinaitwa mikroni. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Mpako wa dhahabu kwenye mapambo ya kawaida ya dukani ni karibu nusu mikroni, na vya bei ya chini kabisa ni chini ya hapo. Maana yake ungepanga mipako kama 140 mmoja juu ya mwingine ndipo ufikie unene wa unywele mmoja. Hebu fikirini sasa waya wa sufuria ukipita juu ya kitu kama hicho. Mweka hazina wetu hakung'arisha dhahabu, aliikwangua yote ikaondoka na povu la dawa ya meno.

Kwa hiyo mkwaruzo kwenye kitu cha kuchovya hausuguliwi. Dhahabu ya mwili mzima sonara anaweza kuisugua mpaka mkwaruzo uishe, kwa sababu chini ya dhahabu kuna dhahabu tena. Hapa chini kuna shaba. Kila unavyosugua kuondoa mstari ndivyo unavyopanua kidonda.

Ukikuta mkwaruzo, kwanza osha halafu ndipo uhukumu. Mara nyingi unachoona ni mafuta ya kujipaka na vumbi vilivyokaa kwenye mstari mdogo. Chukua maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, pangusa kwa kitambaa laini cha pamba. Fulana kuukuu iliyofuliwa vizuri inafaa sana. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kugusa gusa, halafu kiache kwenye kitambaa kikauke kabisa. Usifanyie kazi hii juu ya karai la maji machafu yatakayomwagwa shambani. Tumesikia hereni zilizotafutwa kwenye migomba siku mbili. Kama kuna vito au lulu zilizogundishwa kwa gundi usiloweke kabisa, kwa sababu gundi italegea. Pangusa tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kikishakauka kitoe nje kwenye jua, ukigeuze geuze. Mstari ukiwa na rangi ile ile ya dhahabu mpaka ndani, mkwaruzo haujapita. Uache kama ulivyo. Ukiona ndani wekundu, umefika kwenye shaba; ukiona weupe wa kijivu, umefika kwenye nikeli, madini ambayo mafundi hupaka kwanza kabla ya dhahabu. Mkwaruzo wa namna hiyo hautapona wenyewe, na hewa na jasho vitauingia, uwe mweusi au kijani na kuendelea pembeni chini ya mpako.

Kwa muda, kabla hamjapata pesa ya fundi, mnaweza kuupaka Cutex, ile isiyo na rangi, tone dogo sana kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Hiyo haimrudishii mtu dhahabu yake. Inaziba tu hewa isiingie, na itabanduka baada ya muda, mtarudia. Mkienda kwa fundi mwambieni mmepaka, ili aiondoe kwanza. Lakini ile rangi ya dhahabu inayouzwa kwenye vikopo vya kupakia fremu za picha, hapana. Itabanduka kwenye shingo ya bi harusi mbele ya wageni.

Dawa yenyewe ya mkwaruzo uliofika ndani ni kuchovya upya. Fundi anasugua ile shaba mpaka iwe laini, anaosha mafuta yote, pengine anapaka tabaka la nikeli, ndipo anachovya. Akichovya bila kulainisha, mkwaruzo utaonekana pale pale ukiwa na rangi ya dhahabu. Si kila sonara ana mitambo hiyo. Nairobi na Mombasa wapo, na miji mingine ulizeni kabla ya kulipa nauli. Muulizeni mambo mawili: mpako utakuwa wa mikroni ngapi, na bei ni kiasi gani. Mpako mnene unagharimu zaidi lakini kwa kitu cha kukodisha ndio unaofaa. Kisha pigeni hesabu. Kama bei inakaribia bei ya mkufu mpya wa aina ile ile, nunueni mpya. Kama ni kitu cha marehemu nyanya, hapo hesabu ni nyingine na hatuwezi kuwapigia sisi.

Na kama mkufu umekatika, msimruhusu fundi wa kando ya barabara auchomelee kwa moto. Moto unaunguza mpako, na utapata mkufu mzima wenye doa jeusi katikati. Mwombeni atie kipete kidogo cha kuunganisha, kinachobanwa kwa koleo.

Kuna kijana aliyetuuliza, kwa nini tusinunue hiyo dawa ya kuchovya tufanye biashara wenyewe, umeme si upo? Kijana, wazo la biashara ni zuri, lakini maji yale mara nyingi hutengenezwa kwa chumvi za sianidi. Ni sumu ya kuua. Ikikutana na asidi, hata ya siki, inatoa hewa inayoua mtu chumbani. Haitakiwi nyumbani penye watoto, wala maji yake hayamwagwi kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Kazi hiyo mwachieni aliyefundishwa na mwenye mahali pake.

Sasa mambo ya kila siku. Majivu, mchanga, magadi, dawa ya meno, waya: vyote hivyo vinakwangua. Ndimu, siki na Jik: hivyo vinakula. Dawa ya kung'arishia vifaa vya shaba nayo imetengenezwa ili ivue ngozi ya juu, na ngozi ya juu ndiyo dhahabu yenyewe. Marashi na mafuta yapakwe kwanza, yakauke, mapambo yavaliwe mwisho. Wakati wa kuvua yatangulie. Kuosha vyombo, kufua, kulima, kukanda unga, vua pete. Pete ndiyo inayoteseka kuliko vyote kwa sababu inasuguana na kila tunachoshika. Pete ya kuchovya inayovaliwa kila siku inaweza kupauka kwa miezi michache, wakati hereni za siku ile ile bado zinang'aa. Wachumba wanaotaka pete ya ndoa na hawana pesa ya dhahabu, sisi huwaambia wanunue ya fedha tupu isiyopakwa kitu. Ikikwaruzika inasuguliwa, ikiwa nyeusi inaoshwa, na hakuna anayedanganywa.

Kuhusu kuhifadhi, adui mkubwa ni mapambo yenyewe kugongana. Ile seti ilikuwa inawekwa yote pamoja kwenye mkebe wa biskuti. Huenda ile mikwaruzo mitatu haikutoka kwa bi harusi hata kidogo. Bangili na kidani vilipigana ndani ya mkebe njiani kwenye bodaboda. Hatutajua kamwe. Shoneni vifuko vya kitambaa laini, kila kitu na kifuko chake, mkufu ufungwe kifungo chake usijisokote. Vile vipakiti vyenye chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya msivitupe, wekeni kimoja ndani ya sanduku kinyonye unyevu. Viwe mbali na watoto tu.

Mwili nao una la kusema. Kidole kikiwa kijani si ugonjwa. Ni shaba imekutana na jasho, inatoka kwa sabuni. Lakini masikio yakiwasha, yakivimba au yakitoa maji, mara nyingi ni nikeli, na hiyo msiipuuze. Vueni. Ngozi ikishaikataa nikeli kwa kawaida haiikubali tena maishani. Kama mnakodisha hereni, muulizeni bi harusi mapema, ajaribu siku chache kabla. Si jambo la kugundua kanisani. Na vijiti vya hereni vipanguswe kwa spiriti kila zikirudi, kisha zikaushwe.

Mtauliza kile kikundi kiliishaje. Tulikaa nao mchana mzima. Kwanza tulifuta "seti ya dhahabu" kwenye daftari, tukaandika "seti ya kuchovya", na tukaandika pembeni kwamba kosa la kwanza ni la mkaguzi. Dai la bei ya dhahabu likafutwa. Kidani kilipelekwa kuchovywa upya kwa pesa ya sanduku, na familia ya bi harusi ikachangia theluthi kwa hiari yake, bila kudaiwa. Tangu siku hiyo seti haitoki bila watu wawili kuitazama kwenye jua pamoja na mkodishaji. Wanapiga picha kwa simu kila kipande, mbele na nyuma, na picha hiyo anabaki nayo mkodishaji pia. Ikirudi wanatazama tena pamoja kabla mtu hajaondoka. Na kila ikikodishwa wanaweka kando akiba ya kuchovya. Tuseme fundi anataka shilingi 3,000 na seti inatoka mara 15 kabla ya kuchakaa. Basi kila mara shilingi 200 hazigawanywi. Mkwaruzo mdogo unalipwa na akiba hiyo, mtu hasumbuliwi. Kupotea au kuvunjika ni habari nyingine, na bei yake imeandikwa kwenye karatasi ambayo mkodishaji anatia sahihi.

Mweka hazina aliomba msamaha mbele ya wote, na aliyetamka lile neno naye akaomba. Mama wa bi harusi alipokea msamaha. Anaendelea kuchanga kwenye mzunguko, hajakosa hata mwezi mmoja. Lakini pesa anamtuma binti yake alete. Mikutanoni yeye mwenyewe hajarudi, na kiti chake bado wanamwekea.

Haya, tumeongea vya kutosha. Tuliwaomba mje na vitu vya vikundi vyenu, na tunaona mikoba imejaa. Sogezeni meza hapa mlangoni penye mwanga, kioo cha kukuzia ni hiki. Katibu wa kila kikundi aje na daftari la mali, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe, tuanze na waliotoka mbali.